Naomba ushauri: dashibodi inasema km 17 kwa lita, hesabu yangu inasema 14

Wakuu, habari zenu. Nipo Tanga, nina gari dogo la petroli, cc 1300, napelekea samaki Muheza na Korogwe. Dashibodi inaonyesha wastani wa kilomita 17 kwa lita. Ila nikijaza mpaka pampu ikate, nikatembea, nikajaza tena kituo kilekile na kugawa kilomita kwa lita, napata 14 na kidogo. Inaniumiza, maana bei ya mzigo naipanga kwa mafuta. Odomita (mita inayohesabu kilomita) nimeilinganisha na GPS ya simu, zinakaribiana. Matairi ni saizi ya kiwandani. Najua kompyuta ya gari hukadiria kwa muda injekta (zinazonyunyiza mafuta kwenye injini) zinapofunguka, haipimi tenki. Je, pengo hili ni la kawaida au ni dalili ya injekta kuchoka? Na fundi anaweza kulirekebisha kwa mashine?