Mrejesho: kinanda cha sauti za miaka ya 80
Wakuu, niliomba ushauri wa kinanda kitakachonipa sauti za Yamaha DX7 ya 1983 na Roland Juno-106 ya 1984. Nimechukua Yamaha MODX6, ya mtumba, Kariakoo. Aliyenishauri nitangulize FM (njia ya kuunda sauti kwa wimbi moja kubadili jingine, ndiyo ya DX7), asante sana mkuu! Sauti za DX7 unazigeuza zikubalike kwenye MODX6 kwa programu ya Yamaha wenyewe, kisha unaziingiza kwa flashi. Ile piano ya umeme ya DX7 ukiigusa taratibu inatoka laini. Ukipiga kwa nguvu, kengele inalia juu yake. Wenzangu wa bendi hapa Sinza wamefurahi mno. Upande wa Juno, nikiweka korasi (athari inayofanya sauti moja isikike kama kadhaa pamoja) inakaribia, ila ule unene wa analogi, yaani sauti inayotoka kwenye saketi za umeme badala ya kidijitali, bado. Hapo Korg Minilogue, kinanda cha analogi, inashinda, japo noti nne tu kwa wakati mmoja ni chache kwangu.