Mafundi wa Dar, P0118 haimaanishi sensa imekufa! Pimeni kwanza

Wakuu, huu mchezo umezidi. Toyota IST yenye injini ya 1NZ imewasha taa ya injini, inakula mafuta, feni inazunguka asubuhi injini ikiwa bado ya baridi. Fundi anachomeka mashine ya kusoma makosa, anaona namba ya kosa P0118, hapo hapo anamtuma mtu kwenye maduka ya spea ya Gerezani kuleta sensa ya joto la maji ya injini. Soketi hajaigusa, waya hajaupima. Taa inafutwa, mteja analipa, kesho kutwa inarudi, naye anaambiwa sasa ni kompyuta ya gari. Huo ni wizi!

P0118 inasema kitu kimoja tu: kompyuta inaona njia ya sensa kama imekatika. Huenda ni sensa, huenda ni waya, huenda ni pini zilizoota kutu ya kijani kwa sababu injini inapigwa maji ya presha kila inapooshwa. Kujua ni ipi, unaweza mwenyewe nyumbani. Chomoa soketi ya sensa, fungua swichi bila kuwasha injini, soma joto kwenye mashine: litakuwa -40. Sasa unganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya mwembamba (mnene unapanua pini, unajiletea ugonjwa mwingine). Joto likiruka hadi 140, waya na kompyuta ni vizima, tatizo ni sensa au pini zake. Likibaki -40, usinunue sensa hata ukiuziwa buku mbili. Fuata waya.

Sensa yenyewe ipime kwa mita ya umeme. Kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kati ya omu 2,000 na 3,000. Asubuhi yetu ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 20, itasoma pungufu kidogo. Kwenye 80 isome 200 hadi 400. Hata mpya itumbukize ncha kwenye kikombe cha maji ya moto kabla ya kuifunga, maana feki zimejaa. Namba ishuke taratibu. Ikirukaruka, rudisha dukani.

Kinachoniudhi zaidi ni thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Mnaitoa mkidai Dar kuna joto! Ile ya 1NZ inaanza kufunguka kwenye 80 hadi 84, na ipo ili injini ifike kwenye joto lake. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kuongeza petroli, na P0128 inatokea, yaani kosa la injini kutofika kwenye joto lake. Hapo sensa inasema kweli kabisa, nanyi mnaibadilisha!

Kufunga ni kazi ndogo. Injini ipoe kabisa, ndipo ufungue mfuniko wa rejeta. Ikiwa ya moto utaungua uso. Weka sensa mpya karibu, ikiwa na washa (pete ya kuzibia) mpya. Fungua ya zamani kwa boksi spana ndefu ya milimita 19, ingiza mpya haraka ili kulanti (maji ya kupozea injini) isimwagike sana, kaza kwa nguvu ya Nm 20 tu, kwa sababu nyuzi za kufungia sensa zimechongwa kwenye aluminiamu. Jazia kulanti, si maji ya kisima yenye chumvi. Washa injini mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu yaishe, funga, futa namba ya kosa, kisha angalia joto likipanda kwenye mashine.

Mafundi mliomo humu mnaotoa thamostati, jibuni: mteja akirudi analalamika gari inakula mafuta, mnamwambia mliitoa?