Tupeane uzoefu: siku mlipuko ulipobisha hodi, hospitali yako ilikuwa na nini?

Mleta mada
Habari za zamu, wakuu. Juzi kazini tumefanya zoezi la utayari. Mwenzetu kaigiza mgonjwa, kalegea mapokezi, tukakimbizana dakika 40, tukapigwa picha, tukanywa soda. Fomu ikajazwa: kituo kipo tayari.

Nikakumbuka tarehe 16 Machi 2020, Waziri Ummy Mwalimu alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, kule Arusha. Mimi nilikuwa zamu ya jioni, hospitali ya wilaya (siitaji). Saa mbili usiku kaletwa baba anakohoa, homa juu, katoka safari. Kila mtu akarudi nyuma hatua moja. Barakoa tulikuwa nazo, maboksi mawili, ila yamefungiwa kabatini. Ufunguo anao metroni. Metroni yupo Dodoma, kwenye semina ya maandalizi ya corona. Nilimpokea yule baba nimejifunga kanga usoni. Alikuwa na nimonia ya kawaida, alipona, mpaka leo ananiita "nesi wa kanga".

Leteni yenu. Madaktari, manesi, maabara, madereva wa ambulensi, hata ndugu mliouguza. Habari za nyungu na chanjo zina nyuzi zake. Vituo na watu msivitaje.

Fundi Mitungi
Nyie mna habari za barakoa, ngoja mimi niwape hesabu ya oksijeni. Ule mtungi mkubwa unabeba lita 6,800 hivi. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza ndani ya saa 11 na kidogo. Kwa hiyo mtu mmoja, mitungi miwili kwa siku, na bado unadaiwa.

Februari 2021, kipindi kile tunaandika "changamoto ya upumuaji" kwenye mafaili badala ya corona, nilikuwa na wagonjwa 9 na mitungi 14. Kujaza ni mkoa mwingine, lori linaondoka usiku. Halafu kuna jambo ambalo hakuna semina iliwahi kuligusa: mitungi mitatu kati ya hiyo ilikuwa imejaa lakini haina regyuleta, kile kifaa cha kufungulia na kupimia hewa inayotoka. Oksijeni ipo, unaiona, huwezi kuitoa. Nikawa nahamisha regyuleta kutoka mtungi uliokwisha kwenda mwingine, spana nimeifunga kiunoni kwa kamba ya viatu, maana ukiiweka mezani hutaikuta.

Mpita Njia
Mkuu, wagonjwa 9 kwa mitungi 14, hiyo si hata siku moja haifiki?

Fundi Mitungi
Haikufika. Ndiyo maana hiyo namba sijaisahau.

Baadaye zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wa 2021 zilipokuja, mitambo ya kuzalisha oksijeni ikajengwa sehemu kadhaa, na sisi tukapata. Nashukuru, ni mkombozi. Ila umeme ukikatika, jenereta letu haliubebi mtambo na chumba cha upasuaji kwa pamoja. Unachagua.

Nesi wa Ziwani
Mimi Kagera. Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023. Siku chache kabla tulikuwa tunaambiwa "ugonjwa usiojulikana". Mpaka inatangazwa kuisha tarehe 2 Juni, walihesabiwa wagonjwa 9, wakafa 6, na mmoja wao ni mhudumu wa afya mwenzetu.

Nilichojifunza: kuvaa vifaa kinga kila mtu anajua, kasheshe ipo kwenye kuvua. Umetoka kwa mgonjwa, jasho limejaa kwenye buti, miwani ina ukungu, unatamani uchane lile gauni uvute hewa. Hapo ndipo mtu anajimaliza. Unasimama mbele ya kioo, mwenzako kakaa mbali anakusomea hatua moja moja kwa sauti. Unanawa klorini juu ya glavu za nje, unazivua, unanawa tena. Kila kipande kikitoka, mikono inarudi kwenye klorini. Ukiwashwa sikio, unawashwa tu. Mara ya kwanza ilinichukua karibu dakika 25, na msomaji wangu alinirudisha nyuma mara mbili.

Na klorini yenyewe watu walikuwa wanakoroga kwa macho. Ule unga wa asilimia 70, ukitaka asilimia 0.5 ya kumwagia sakafu na vifaa, ni gramu 7 kwa lita moja ya maji. Tulikuwa hatuna mizani, tukatafuta kijiko kimoja, tukakipima mara moja kwa mizani ya duka la jirani, tukakitundika kwa msumari kisipotee.

Sasa sikia. Tulifundishwa wanne. Januari 2025 inatangazwa tena, safari hii Biharamulo, watu 10 wakafa. Pale kituoni kwetu katika wale wanne nilikuwa nimebaki peke yangu. Mmoja kahamia kwa mume, mmoja kaenda kusoma, mmoja yupo benki. Vifaa vilikuwa vingi kuliko 2023. Wa kusoma hatua kwa sauti ndiye alikosekana. Nilifundisha wageni watatu kwa siku mbili, huku na mimi naogopa.

Wa Butembo
Jambo kwenu. Miye ni wa Congo, Kivu ya Kaskazini, Kiswahili chetu mtakivumilia. Kwetu Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Nilikuwa natembea mitaani kueleza watu, na kufuata wale waliomugusa mgonjwa.

Kusema ukweli, vifaa havikutukosa. Magari ya Riposte, ile timu ya kupambana na Ebola, yalijaa barabara, chanjo ilikuwako, maabara ilikuwako. Kitu kilichokosa ni kuaminiwa. Mama mmoja aliniuliza mlangoni: "Mwaka gani mulikuja hapa kwa ajili ya malaria? Mwaka gani mulikuja tulipochinjwa usiku?" Sikukuwa na jibu. Na wakati uleule surua ilikuwa inapita katika inchi yetu yote, iliua zaidi ya watu 6,000, wengi watoto wadogo, na hakuna aliyeona msururu wa magari kwa ajili yao. Vituo vya matibabu vikachomwa, Katwa na Butembo. Aprili 2019 daktari wa WHO alipigwa risasi ndani ya hospitali. Miye nilitupiwa mawe tu.

Kilichobadilisha mtaa wetu ni vile vyumba vya plastiki inayoonyesha, ndugu anasimama inje anamuona mgonjwa wake anakula, anamuongelesha. Yule mama wa mlangoni alimuleta kijana wake mwenyewe, kwa miguu.

Daktari wa Pwani, Mombasa
Kwetu Kenya mwaka 2020 kila kaunti iliagizwa iwe na vitanda 300 vya kutengea wagonjwa. Vitanda vikatafutwa, mashuka mapya, utepe ukakatwa. Usiku wangu wa kwanza katika wodi hiyo tulikuwa madaktari wawili, na mwenzangu hakuwa amelipwa tangu aajiriwe. Desemba, baada ya daktari mwenzetu wa miaka 28 kufariki kwa corona akiwa anadai mishahara ya miezi kadhaa, tuligoma. Tulichokuwa tukiomba ni bima na barakoa za kutosha. Nisiendelee, presha itapanda.

Dada wa Birmingham
Msidhani huku kuna miujiza. Waingereza walifanya zoezi lao la homa ya mafua, Cygnus, Oktoba 2016, siku tatu. Ripoti ikasema nchi haijajiandaa vya kutosha, na umma haukuisoma mpaka 2020, maji yameshamwagika. London wakafungua hospitali ya dharura kwenye ukumbi wa maonyesho, ya kupanuka hadi vitanda 4,000. Wimbi la kwanza wagonjwa wake hawakufika hata 100. ICU (wodi ya mahututi) muuguzi mmoja hukaa na mgonjwa mmoja, sasa wauguzi wa vitanda 4,000 ungewatoa wapi? Sisi wenyewe tulikuwa tumeshagawanywa, mimi nilikuwa na wanne kwa zamu. Aproni zilipoisha tulivaa mifuko ya taka. Nilimpigia mama Tanga nikamwambia, akadhani natania.

Mleta mada
Nimewasoma wote. Fundi, umenitoa kitini. Nimetoka stoo sasa hivi: mitungi minne, mmoja geji inasoma sifuri, regyuleta mbili. Spana sijaiona. Mtunza stoo anasema ipo kabatini, ufunguo anao metroni.