Naomba ushauri: shaba inavuja kutoka kwenye kitosani

Wakuu, habari zenu. Nafanya kemia ya kliki, ile ya kuunganisha molekuli za azidi na alkaini kupata triazoli (pete yenye nitrojeni tatu), ndani ya maji. Shaba, ambayo ndiyo kichocheo, nimeishikiza kwenye chembe za kitosani (polima itokanayo na maganda ya kamba na kaa) ili niichuje na kuitumia tena. Mwanzo mambo safi; nikirudia, zao linashuka, na maji yaliyochujwa yakikaa wazi hewani yanapata ubuluu hafifu. Nilichuja mchanganyiko ungali moto, kimiminika kikaendelea kuzalisha triazoli bila chembe. Basi shaba inavuja, hapo sibishi. Nashuku triazoli yenyewe ndiyo inaing'oa.

Nikazie kitosani kwa glutaraldehaidi, kemikali ya kufunganisha minyororo yake (ingawa itakula amini, yaani vikundi vya nitrojeni, zilezile zinazoshika shaba), au nihamie silika yenye amini? Aliyewahi kulitatua hili anielekeze.