Leza inatoa mistari, balbu haitoi: naomba ushauri

Wakuu, naandaa somo la mwanga kwa kidato cha sita. Nina kipande cha kioo chenye nyufa mbili zilizoachana robo milimita. Nikimulika leza nyekundu, ukutani inatokea mistari safi ya mwanga na giza. Nikiweka balbu umbali wa mita 1, weupe mtupu. Wanafunzi watauliza, nami nataka jibu lenye hesabu.

Kipanga: Balbu ina rangi zote mkuu, na kila rangi inapanga mistari yake kwa nafasi tofauti. Weka kichujio chekundu.

Lenzi Kuu: Kichujio kitasaidia ila hakitoshi. Shida kubwa ni upana wa balbu. Kila nukta yake inatoa mawimbi yasiyohusiana na ya nukta jirani, na kila moja inachora mistari yake, imesogea kidogo. Yote ikilaliana, giza la huyu linajazwa na mwanga wa yule. Mistari inafutika nyufa zikiachana kufikia kipimo hiki: chukua urefu wa wimbi, gawanya kwa upana wa balbu, zidisha kwa umbali wake. Balbu ya sentimita 5, wimbi la mikromita 0.6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita): unapata mikromita 12 tu, na nyufa zako zimeachana 250! Ikate karatasi ya alumini mwanya wa nusu milimita, sambamba na nyufa, uiweke mbele ya balbu. Sasa unapata mikromita 1,200. Mwanga utakuwa hafifu, kwa hiyo chungulia kupitia nyufa badala ya kutazama ukuta. Leza na jua msichungulie kamwe.

Mwuliza swali: Ahsante sana. Mwanya ukiwa mpana kuliko nusu milimita, ila si kama balbu nzima, inakuwaje?

Lenzi Kuu: Hapo ndipo patamu, mwalimu. Upanue taratibu: giza linageuka kijivu, na karibu milimita 2.4 mistari inafutika. Ongeza kidogo tena, inarudi hafifu, ila palipokuwa na giza sasa pana mwanga. Waonyeshe hilo, wasikose.

Mpenda Nyota: Kufutika huko ndiko wanasayansi Michelson na Pease walikotumia mwaka 1920 pale kituo cha kutazama nyota cha Mount Wilson, Marekani. Waliachanisha vioo viwili vya kuakisi mwanga, vilivyofanya kazi ya nyufa, hadi mistari ya nyota Betelgeuse ikapotea, vikiwa mbali takriban mita 3. Hesabu ileile ya Lenzi Kuu, ikisomwa kinyume, ikawapa upana wa nyota.

Kipanga: Na jua? Upana wake angani ni pembe ya nusu digrii.

Lenzi Kuu: Takriban mikromita 70. Nyufa za mwalimu bado zimeachana mno, naye atahitaji kitundu kidogo kwanza.