Mzamiaji akifia baharini, tuchunguze nini ili asife mwingine?

Mkaazi_wa_Mikindani aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Mikindani. Hivi karibuni tulimzika mwenzetu, kijana mzoefu aliyekuwa akizamia kwa mtungi pamoja nasi kwenye miamba ya Ghuba ya Mnazi. Alishuka na mwenzake hadi karibu mita 30, maji yakachafuka, wakapotezana. Baada ya muda aliibuka peke yake kwa kasi, akanyanyua mkono mmoja, kisha akalegea na kuanza kuzama tena mbele ya macho ya nahodha, kwa kuwa mkanda wa uzito, ule wa vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia mzamiaji kushuka, ulikuwa bado umefungwa kiunoni. Walipomdaka na kumpandisha botini, mtungi ulikuwa hauna kitu. Hakuzinduka.

Msibani yalisemwa yale yanayosemwa siku zote, kwamba ajali haina kinga na kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nami ninayaamini. Lakini tangu matanga yaanuliwe, watu wamegawanyika. Wapo wanaosema kosa ni la marehemu kwa sababu hakuangalia geji inayoonyesha shinikizo la hewa iliyobaki mtungini, wakati utaratibu wetu unajulikana kuwa ni kuanza kuibuka geji ikisoma bar 50. Wengine wanamlaumu mwenzake, ambaye sasa hali wala halali. Mazungumzo yanaishia hapo, na boti zinaendelea kutoka kama zamani. Naomba kuuliza: je, yapo yanayojulikana kuhusu namna vifo vya aina hii vinavyotokea, na tunawezaje kukiuliza kifo hiki maswali ya kweli bila kumgeuza mtu yeyote mshitakiwa?

Mkufunzi_Kilwa alijibu:

Pole sana, kaka, na Mungu amlaze marehemu mahali pema. Yanayojulikana ni mengi. Mwaka 2008 watafiti wa DAN, shirika la Marekani linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, walichapisha uchambuzi wa vifo 947 vya wazamiaji wa burudani vilivyotokea kati ya mwaka 1992 na 2003. Hawakutosheka na kusema kwamba mtu amekufa maji, bali walirudi nyuma hatua kwa hatua wakiuliza ni jeraha gani lililomshinda, lilisababishwa na nini, na ni jambo gani lililoanzisha mkasa wote. Pale chanzo cha kwanza kilipoweza kutambuliwa, asilimia 41 ya mikasa ilianza kwa upungufu wa hewa, asilimia 20 kwa kunasa, na asilimia 15 kwa hitilafu za vifaa. Kilichofuata mara nyingi kabisa kilikuwa kuibuka kwa dharura, jambo linalofanana mno na ulilolieleza.

Sasa naomba uitazame kwa makini hiyo kanuni yenu ya 50, kwa maana ndipo ninapoona tatizo. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200, ambao una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia takriban lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 30, ambako shinikizo ni mara nne, hutumia lita 80, na akitaharuki matumizi huweza kuongezeka maradufu. Bar 50 ni lita 600 tu. Kwenye kina hicho, mtu mmoja aliyetaharuki atazimaliza kabla ya dakika nne, na wawili wakilazimika kugawana mtungi mmoja hawatafikisha dakika mbili. Kuibuka kutoka mita 30 kwa mwendo salama wa mita tisa kwa dakika huchukua zaidi ya dakika tatu, na hapo sijahesabu zile dakika tatu za kupumzika kwenye mita tano. Kwa hiyo mtu anaweza kuiangalia geji vizuri, akaitii kanuni yenu bila kukosea hata kidogo, na bado akaishiwa. Bar 50 ndiyo hewa ya kufika nayo juu. Kiwango cha kuanzia kuibuka lazima kiwe kikubwa zaidi, na kinapaswa kukokotolewa botini kwa kuhesabu hewa ya watu wawili waliotaharuki, kisha kila mmoja akitamke kabla ya kuingia majini.

Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa marehemu. Ninachosema ni kwamba mkishakubaliana kuwa “hakuangalia geji”, kanuni yenyewe haitaguswa, na kesho mtashuka nayo tena.

Nahodha_Msimbati alijibu:

Mwanangu, mkufunzi amesema ya chini, mimi niseme ya juu. Uliza kwanza siku ile ilikuwa ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au ya maji mafu, na walishuka saa ngapi ukilinganisha na kupwa. Wakati wa bamvua, maji yanayotoka ghubani hukimbia na kubeba mchanga, na mahali palipokuwa peupe asubuhi huwa kama chai ya maziwa baada ya muda mfupi. Ukishajua hilo, uliza nani botini alikuwa na mamlaka ya kusema “leo hatushuki”, na kama angesema, siku hiyo angelipwa au asingelipwa. Nimeyaona mengi katika bahari hii, na naamini kwamba boti inayolipwa kwa safari tu humfanya nahodha mwema anyamaze.

Na huyo kijana aliyebaki msimuulize kwa nini alimpoteza mwenzake. Mwambieni asimulie alichokuwa akikiona na kukifanya wakati ule, neno kwa neno, bila kukatizwa. Mkianza na “kwa nini”, atajitetea, na mkishamfanya ajitetee hamtapata tena ukweli kutoka kwake.

Muuguzi_Lindi alijibu:

Poleni sana. Mtu aliyezamia kwa mtungi akipoteza fahamu dakika chache baada ya kuibuka, dhana ya kwanza iwe ni hewa iliyopasua mapafu na kuingia kwenye mishipa hadi ubongoni. Hutokea mtu anapopanda huku amebana pumzi, hata kutoka kwenye kina cha zaidi kidogo ya mita moja. Alazwe chali, apewe oksijeni safi tangu botini, wala asirudishwe chini ya maji kwa kudhani kwamba kina kitamponya. Tiba yake ni chemba ya shinikizo, yaani chumba maalumu ambamo mgonjwa hutibiwa kwa oksijeni chini ya shinikizo kubwa, ambayo hapa kusini hatuna, kwa hiyo mpango wa kumfikisha mgonjwa penye chemba unapaswa kuwa umeandikwa kabla ya boti kung’oa nanga. Daktari naye aambiwe kina, muda na kasi ya kuibuka. Hata aliyefariki, mchunguzi wa mwili akijua kwamba alikuwa mzamiaji atatafuta hewa kwenye moyo na mishipa. Asipojua, huenda akaandika kuzama tu.

Mstaafu_wa_Anga alijibu:

Kuhusu lawama, niwape mfano kutoka kazi niliyoifanya. Nyongeza ya 13 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, inasema lengo pekee la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama wala dhima. Ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na watu 19 kufariki, ripoti ya awali ya wachunguzi ilitolewa hadharani. Polisi wana kazi yao na msiwaingilie. Ninyi fanyeni ya kwenu kando, andikeni mlichojifunza bila jina la mtu, kisha mwisomee familia ya marehemu kabla ya watu wengine.

Mkaazi_wa_Mikindani aliandika tena:

Nawashukuru sana, na hasa wewe mkufunzi, kwa sababu hesabu hiyo nimeirudia mwenyewe na imeninyima usingizi. Tutakutana na mabaharia wote wiki hii, na mwenzake amekubali kusimulia. Vifaa vya marehemu vimebaki kwenye stoo ya boti. Je, tuvisuuze kwa maji baridi tuvihifadhi, au tufanyeje?

Mkufunzi_Kilwa alijibu:

Msivisuuze, kaka, wala msibonyeze kitufe chochote. Vipigeni picha jinsi vilivyo, andikeni geji inasoma ngapi, na kama kuna aliyeifunga valvu ya mtungi, mwulizeni aliigeuza mizunguko mingapi, kwa maana hapo ndipo itajulikana kama ilikuwa wazi yote au nusu. Kama kulikuwa na kompyuta ya mkononi, ina kina na kasi yake yote, kwa hiyo isitumiwe tena kabla taarifa hizo hazijanakiliwa. Kisha vikabidhiwe polisi kwa maandishi, nanyi mbaki na nakala. Na jingine: ulizeni mtungi ule ulijazwa wapi na lini, mkapate sampuli ya hewa kutoka mtungi mwingine uliojazwa kwenye kompresa ileile siku hiyo, kabla haujatumika.