Naomba ushauri: wakwe wanadhani Waquaker si Wakristo

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mquaker, au Rafiki kama tunavyojiita, na ninakaribia kufunga ndoa. Wazazi wa mchumba wangu wana wasiwasi mkubwa. Walianza kwa kuuliza kama tunakataa umeme na magari. Hao ni Amish, nikawaeleza, wakaelewa.

Kinachowakwaza hasa ni ubatizo. Kwetu hatubatizi kwa maji, kwa kuwa tunaamini ubatizo wa kweli ni wa Roho, moyoni. Wao wakisikia hivyo wanaona hatuna Kristo kabisa, nami huumia, maana George Fox, mwanzilishi wetu, alipoanza kuhubiri Uingereza karne ya 17 ujumbe wake ulikuwa kwamba Kristo mwenyewe hufundisha watu wake.

Pia wamesikia tunakaa kimya tu ibadani. Wapo wanaoabudu hivyo, lakini Kenya, yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote, kuna wachungaji, mahubiri na nyimbo.

Mliooa au kuolewa katika madhehebu tofauti, nianzie wapi? Niwaalike ibadani kwanza, au nimwombe mzee wa kanisa azungumze nao? Sitaki waone ninabishana nao.